Tuzuie Kutu Isile Vyuma Vyetu

Mkulima akinunua jembe jipya, hulipeleka nyumbani likiwa linang'aa. Akilitumia na kuliacha nje kwenye umande, baada ya siku chache hulikuta lina madoa mekundu. Akiliacha nje msimu mzima wa mvua, hulikuta limekuwa la rangi ya kahawia na lina vishimo vidogo vidogo. Hakuna aliyelipiga wala kulivunja. Limeliwa na kutu.

Kutu haili majembe peke yake. Hula mapanga, mashoka, plau, baiskeli, mabati ya nyumba, mabomba ya maji, mashine za kusaga, madaraja na meli. Vitu vyote hivyo tunavinunua kwa fedha zetu, na vingine ni mali ya kijiji kizima. Vikiliwa na kutu, fedha yetu imeliwa.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu. Kwanza, kutu inatokana na nini. Pili, namna ya kuizuia. Tatu, hatari zinazowapata watu pale kutu inapoachwa bila kuangaliwa.

1. KUTU NI NINI?

Chuma hutoka ardhini. Hapo zamani wahunzi wa Kifipa na wa Kihaya walichukua mawe yenye chuma, wakayachoma kwa makaa katika tanuri, wakapata chuma cha kufulia majembe na mikuki. Viwanda vya leo hufanya kazi hiyo hiyo kwa matanuri makubwa zaidi.

Katika mawe yale, chuma hakikai peke yake. Kimeungana na oksijeni. Oksijeni ni ile sehemu ya hewa tunayoihitaji tunapovuta pumzi. Moto na makaa huitenganisha oksijeni na chuma, tukapata chuma kitupu.

Lakini chuma kitupu hakitulii. Kikipata maji na hewa, huungana tena na oksijeni. Unga mwekundu unaouona juu ya jembe ndio chuma kilichoungana tena na oksijeni. Hiyo ndiyo kutu. Kwa maneno mengine, kutu ni chuma kinachorudi katika hali ya udongo kilikotoka.

Kutu haishiki kwa nguvu kama rangi nzuri inavyoshika. Hubanduka, na chini yake chuma kipya hubaki wazi. Hicho nacho huliwa. Kwa hiyo kutu ikishaanza huendelea mpaka chuma kiishe, isipokuwa mtu aizuie.

2. JARIBIO LA MISUMARI

Jambo hili mnaweza kulihakikisha wenyewe darasani. Tafuteni chupa tano za kioo na misumari mitano ya kawaida. Msitumie misumari ya kupigilia mabati, kwa sababu hiyo imepakwa zinki. Sugueni misumari kwa msasa mpaka ing'ae. Kisha fanyeni hivi:

Chupa ya kwanza: ikausheni vizuri juani. Tieni msumari mkavu, kisha mzibe kabisa.

Chupa ya pili: chemsheni maji kwa robo saa ili hewa iliyomo itoke. Yakipoa kidogo, yamimineni polepole katika chupa yenye msumari mpaka yaufunike wote. Juu yake tieni mafuta ya kula, ili hewa isiingie tena. Zibeni chupa.

Chupa ya tatu: tieni msumari, kisha maji ya kawaida mpaka nusu ya msumari. Iacheni chupa wazi.

Chupa ya nne: fanyeni kama ya tatu, lakini katika maji tieni chumvi vijiko viwili.

Chupa ya tano: upakeni msumari grisi pande zote, kisha fanyeni kama chupa ya tatu.

Ziwekeni chupa zote mahali pamoja kwa wiki moja, kisha muangalie.

Msumari wa kwanza ulipata hewa bila maji. Utakuwa mzima. Msumari wa pili ulipata maji bila hewa. Nao utakuwa mzima, au una doa dogo tu. Msumari wa tatu ulipata maji na hewa pamoja. Huo utakuwa na kutu. Wa nne ulipata maji, hewa na chumvi. Huo kwa kawaida huwa na kutu zaidi. Wa tano ulikuwa ndani ya maji, lakini grisi iliukinga. Utakuwa mzima.

Jaribio hili linatufundisha kwamba kutu inahitaji vitu viwili kwa pamoja, yaani maji na hewa. Ukiondoa kimoja, kutu haina nguvu. Chumvi huifanya kutu iende mbio. Ndiyo maana mabati ya nyumba za pwani huharibika mapema kuliko yale ya bara. Mbolea ya chumvichumvi nayo hufanya hivyo hivyo. Usiweke mfuko wa mbolea karibu na jembe au mashine.

Mafundi wa viwandani hutumia elimu hii hii. Maji ya kuchemshia mvuke katika viwanda vya sukari, kwa mfano, huondolewa hewa kabla ya kuingizwa kwenye mitungi mikubwa ya chuma. Kazi hiyo inafanana na ile mliyoifanya katika chupa ya pili.

3. MELI ILIYOLALA CHINI YA MAJI

Habari ya kweli ya Ziwa Tanganyika itatuonyesha nguvu ya grisi.

Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli ya chuma huko Papenburg, Ujerumani. Waliipa jina la Graf von Götzen. Waliifungua vipande vipande, wakavipakia katika masanduku na kuvileta Dar es Salaam. Vipande hivyo vilisafirishwa bara mpaka Kigoma, na meli ikaungwa upya. Iliingia ziwani mwaka 1915.

Wakati huo ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1916 Wajerumani waliona kwamba watashindwa Kigoma. Hawakutaka meli iangukie mikononi mwa adui zao. Lakini pia hawakutaka ipotee kabisa, kwani walitumaini kurudi. Kwa hiyo, kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi. Kisha wakaizamisha.

Meli ilikaa chini ya maji kwa miaka kadhaa. Baadaye Wabelgiji waliiinua, lakini ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua. Injini zake zilikutwa katika hali nzuri ya kuweza kutengenezwa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya la Liemba. Iliendelea kubeba watu na mizigo katika Ziwa Tanganyika kwa miaka mingi, hata baada ya Uhuru.

Wale waliozipaka injini grisi hawakurudi kuitumia meli. Lakini kazi yao ya siku chache iliwafaa watu wengine kwa miaka mingi.

4. NJIA ZA KUKINGA CHUMA

(a) Kausha na kupaka mafuta

Hii ndiyo njia rahisi kwa zana za shamba. Ukitoka shambani, ondoa udongo kwenye jembe. Lioshe na ulifute mpaka likauke. Kisha lipake mafuta kidogo kwa kitambaa. Litundike ndani, lisiguse udongo. Kazi hii huchukua dakika chache tu. Plau, ambayo hukaa miezi mingi bila kazi, ipakwe grisi au mafuta mazito mara kilimo kinapokwisha. Usingoje mpaka msimu ujao.

Watu wengi hutumia oili chafu ya magari. Inazuia kutu, lakini ina sumu. Usiipake kwa mkono mtupu, na usiimwage chini wala karibu na kisima. Usiipake kamwe kwenye visu vya jikoni, sufuria, au sehemu za mashine zinazogusa unga. Hizo zipake mafuta ya kula.

(b) Rangi

Rangi huzuia maji na hewa visifike kwenye chuma. Inafaa kwa milango, madirisha, matangi, mikokoteni na fremu za mashine. Lakini rangi ina utaratibu wake:

Kwanza, kwangua kutu yote kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane.
Pili, osha kwa maji ya sabuni, suuza, na ukaushe vizuri.
Tatu, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla umande haujashuka.
Nne, ikishakauka, paka rangi ya juu mara mbili.
Tano, angalia sana pembe, viungo na mahali penye bolti. Hapo ndipo kutu huanzia.

Wengine hupaka rangi juu ya kutu ili kitu kionekane kipya. Huko ni kupoteza fedha. Kutu huendelea kula chini ya rangi, na baada ya muda mfupi rangi yote hubanduka.

(c) Zinki

Mabati ya nyumba si chuma kitupu. Ni chuma kilichofunikwa kwa zinki pande zote mbili. Mwaka 1837 Mfaransa mmoja aliyeitwa Stanislas Sorel aliandikisha njia ya kukichovya chuma katika zinki iliyoyeyuka. Njia hiyo inatumika mpaka leo.

Zinki ina tabia ya ajabu. Hata ikikwaruzwa kidogo na chuma kikaonekana, bado hukikinga. Zinki huliwa badala ya chuma. Ni kama mlinzi anayepigwa yeye ili mwenye nyumba awe salama. Lakini mlinzi huyo naye hufika mwisho wake. Zinki ikiisha, bati huanza kuwa jekundu.

Mabaharia wanaijua tabia hiyo. Chini ya meli za chuma hufungwa vipande vya zinki. Zinki huliwa na maji ya chumvi, na mwili wa meli husalimika. Kila baada ya muda vipande hubadilishwa. Mabomba ya mafuta na ya gesi yaliyozikwa ardhini nayo yanaweza kukingwa kwa kuunganishwa na vipande vya zinki au magnesi.

Ukinunua mabati, uliza geji yake. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30, na la geji 30 ni nene kuliko la geji 32. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Ondoa majani yaliyooza juu ya paa, kwa sababu hushika maji. Usifunge waya wa shaba juu ya bati. Shaba ikikutana na zinki penye maji, zinki huisha haraka.

(d) Zege

Nondo zilizofunikwa vizuri ndani ya zege hazishiki kutu upesi, kwa sababu saruji huzikinga. Lakini zikikaa karibu mno na uso wa zege, au zege likichanganywa na mchanga wa baharini wenye chumvi, huanza kuliwa. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Kwa hiyo huvimba na kulipasua zege kwa ndani. Ukiona ufa unaofuata mstari wa nondo na maji mekundu yakichuruzika, ujue kazi hiyo imeanza. Mwambie fundi atumie mchanga usio na chumvi, na aweke vipande vya zege chini ya nondo ili zisilale kwenye mbao.

5. PAMPU YA MAJI YA KIJIJI

Kutu ya pampu ni hasara kubwa kuliko kutu ya jembe, kwani inagusa afya ya kijiji kizima.

Mahali pengine maji ya ardhini yana ukali kidogo, ingawa ukiyanywa huusikii. Maji hayo hula mabomba ya chuma yaliyo ndani ya kisima. Maji ya pampu huwa mekundu, yana ladha ya chuma, na hutia madoa kwenye nguo na ugali. Watu huyachukia. Mwisho huiacha pampu na kurudi kwenye madimbwi na mito. Huko maji ni meupe kwa macho, lakini yanaweza kuwa na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Je, mtajuaje kama wekundu unatoka kwenye pampu au kwenye ardhi? Fanyeni hivi. Asubuhi na mapema, kabla mtu yeyote hajapiga pampu, tekeni maji ya kwanza katika chupa safi. Endeleeni kupiga pampu kwa muda mrefu, mkitumia maji hayo kujaza ndoo za watu. Kisha tekeni chupa ya pili. Kama chupa ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, yaelekea pampu inaliwa na kutu, kwani maji yalilala usiku kucha ndani ya mabomba yake. Kama chupa zote mbili ni nyekundu, yaelekea chuma kimo ndani ya maji ya ardhini yenyewe.

Andikeni mliyoyaona, pamoja na tarehe. Wapelekeeni viongozi wa chombo cha watumia maji. Katika Tanzania, wao wanaweza kuwaita wataalamu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanzishwa mwaka 2019. Kama pampu inaliwa, kuipaka rangi kwa nje hakutasaidia. Mabomba ya ndani yabadilishwe, yawekwe ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Pampu ya Afridev, iliyobuniwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio ya Kenya na Malawi, ina bomba la plastiki la kupandishia maji. Kutu haiwezi kulila bomba hilo.

6. KUTU INAPOUA

Tarehe 15 Desemba 1967 daraja moja kubwa huko Marekani lilianguka. Liliitwa Silver Bridge, nalo lilivuka mto Ohio katika mji wa Point Pleasant. Ilikuwa jioni, na daraja lilikuwa limejaa magari. Watu 46 walikufa.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1928. Lilishikiliwa na vipande virefu vya chuma vilivyounganishwa kama mnyororo. Wachunguzi walikuta kwamba kipande kimoja kilikuwa na ufa mdogo sana, uliofichika ndani ya kiungo. Uzito wa miaka mingi na kuliwa kwa chuma viliukuza ufa huo mpaka kipande kikakatika. Kilipokatika hicho kimoja, daraja zima likaanguka. Baada ya hapo, mwaka 1968, Marekani ilitunga sheria ya kuyakagua madaraja kwa utaratibu maalumu.

Ajali hii inatufundisha kwamba chuma kinaweza kuonekana kizima kwa mbali, kumbe kiungo chake kimeliwa. Kwa hiyo tukague viungo, bolti na minyororo, wala tusitosheke na sehemu zinazong'aa.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana na wengi. Tangi la chuma lililofungwa kwa muda mrefu likishika kutu ndani, kutu hiyo huimaliza oksijeni iliyomo. Mtu akiingia, anaweza kuanguka na kufa bila kusikia harufu yoyote. Anayemfuata kumwokoa naye hufa. Msiingie ndani ya tangi la namna hiyo. Mwiteni fundi mwenye vifaa vya kupima hewa.

Pia watu husema kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Si hivyo. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na samadi. Msumari wenye kutu huchoma ndani na kuviingiza vijidudu hivyo, lakini hata mwiba safi unaweza kufanya hivyo. Ukichomwa, osha kidonda kwa maji na sabuni, kisha nenda zahanati ukaulizie chanjo.

7. DAFTARI LA VYUMA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Doa la kutu la leo linaondolewa kwa msasa na rangi kidogo. Likiachwa miaka mitatu, huenda likahitaji bati jipya au pampu mpya.

Kwa kuwa sasa mnajua kusoma na kuandika, wekeni daftari. Andikeni kila kifaa cha chuma cha kijiji: pampu, tangi, mashine ya kusaga, daraja dogo, paa la shule. Mbele yake andikeni tarehe ya kukikagua, mlichokiona, kazi iliyofanyika, na jina la aliyeifanya. Kagueni mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na baada ya mvua. Daftari hilo lisomwe katika mkutano wa kijiji. Hapo kila mtu atajua kifaa gani kinatunzwa na kipi kimesahauliwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kutu inahitaji vitu gani viwili? Mmejuaje?
2. Kwa nini injini za Liemba hazikuharibika kabisa chini ya maji?
3. Kwa nini si vizuri kupaka rangi juu ya kutu?
4. Je, maji ya pampu yenu hubadilika rangi asubuhi? Mtachukua hatua gani?
5. Ulizeni dukani bei ya kopo la rangi ya kuzuia kutu, na bei ya bati moja. Paa la shule lina mabati mangapi? Pigeni hesabu: kupaka paa kunagharimu kiasi gani, na kuezeka upya kunagharimu kiasi gani?

MAANA YA MANENO

Geji: namba ya kuonyesha unene wa bati.
Kukagua: kuangalia kwa makini ili kujua hali ya kitu.
Nondo: fito za chuma zinazowekwa ndani ya zege.
Oksijeni: sehemu ya hewa inayohitajiwa katika kupumua.
Zinki: madini ya rangi ya kijivu yanayofunikia mabati.